Viti Vilivyotoka Nyumbani Bila Mbebaji

Shangazi mshauri, shikamoo, nakuandikia kwa sababu mawazo yangu yamegota ukutani. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, na muhula huu niliwahimiza wanafunzi waandike insha na kuchora picha kuhusu Maangamizi ya Wayahudi, pale Wanazi walipowaua Wayahudi wa Ulaya wapatao milioni sita, nikawaambia wasinakili kitabu bali kila mmoja atafute jambo moja dogo lililomgusa, na Shangazi, watoto walisoma mpaka kengele ya mapumziko ikawa inalia bure.

Kuna binti mmoja tunamwita Kimya, maana kuongea kwake ni kwa msimu, yeye alichora mtaa ambao familia ya Kiyahudi imeshachukuliwa, mlango uko wazi, na majirani wanatoa vyombo: mwanamume mwenye kipara amebeba kiti, mama mmoja amekumbatia mapazia, mwingine yuko dirishani kwake anakunywa chai na kutazama. Insha yake ilianza hivi: "Majirani walichukua viti kabla chai ya wenye nyumba haijapoa." Nilisoma sentensi hiyo nikakaa chini.

Balaa lilianza mkuu wa shule alipokuja kukagua ukumbi, maana Ijumaa wazazi wanakuja kwenye maonyesho, akasimama mbele ya picha ile, akajipapasa kichwa, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni mimi?"

Nikamwambia, "Hapana, mkuu. Huyu ni mtu wa Ulaya, wa zamani."

"Kipara ni changu," akasema. "Mwambie amwekee nywele."

Kimya akaweka nywele, tena nyingi, basi makamu wa mkuu, ambaye nywele ndizo mali yake, akaja kulalamika kwamba sasa ni yeye, tukamvika yule mtu kofia, mwalimu wa michezo akanuna siku nzima kwa kuwa hapa shuleni kofia ni yake peke yake, na mhasibu naye akadai kwamba mama wa mapazia ameyashika kama yeye anavyoshika vitu, yaani haachii. Kikao cha walimu kilichoitishwa kwa ajili ya mitihani kiliisha bila mtihani kutajwa, kila mtu akieleza kwa nini hawezi kuwa yeye, na hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Kimya akaniangalia akasema, "Mwalimu, sasa kiti abebe nani?"

Nikamjibu, na hapa ndipo naona haya, "Kwa sasa acha kiti tu."

Akafuta watu wote. Sasa ni mlango wazi, na viti, meza, kabati na mapazia vinaelea barabarani vikijiendea, kama vimechoka kukaa ndani. Mkuu akasema, "Hapo sasa imetulia," akachukua na insha akairekebisha kwa mkono wake, kila palipoandikwa "walichukua" akaweka "vilihama". Wanafunzi wanacheka, wanaiita picha ya mashetani, na Kimya ameniomba nifute jina lake chini ya picha hiyo. Nami nilipojaribu kumtetea, mkuu akanidokeza kwamba stoo ya madawati inahitaji msimamizi. Na hili sijamwambia mtu: yule wa dirishani alipofutwa nilipumua, maana alishika kikombe kama ninavyoshika mimi. Nifanyeje, Shangazi?

Mwalimu wa historia aliyekwama

---

Mwalimu, marahaba.

Nimecheka, kisha nikakasirika, na fungu lako la hasira hiyo ni kubwa. Mtoto akivunja sahani huja akasema "imevunjika", na mama yake humwuliza, imevunjika yenyewe? Ninyi watu wazima wenye vyeti mmemchukua binti aliyetaja aliyevunja, mkamrudisha kwenye "imevunjika". Viti havihami. Na wenye nyumba wale hawakupotea kama funguo. Waliuawa, na waliowaua walikuwa watu, na waliobeba viti walikuwa watu, wenye vipara, wenye kofia, na wenye kutazama wakinywa chai. Ukiwafuta hao, unabaki na hadithi ya fanicha.

Halafu hujaona ulichonacho mkononi. Binti mmoja na brashi yake amefanya walimu wote wajitafute ndani ya picha ya mtaa wasiowahi kuukanyaga. Wewe unaita hiyo shida? Mimi naiita somo lililoeleweka. Kama na wewe ulijiona dirishani, vizuri, sasa unajua kwa nini ulilifundisha.

Kesho asubuhi nenda kwenye dawati la Kimya, usimwite ofisini. Mwombe radhi, na radhi yenyewe isiwe na "lakini". Mwulize kama anataka kuchora upya. Akikataa, usimbembeleze, picha ni yake. Akikubali, mpe karatasi safi, na mtu yeyote akija kuomba nywele, kofia au pua nyingine, mwambie darasa linaendelea. Insha irudishiwe "walichukua" yake yote.

Kwa mkuu nenda na adabu zako. Mwambie, "Mkuu, hakuna mzazi atakayefikiri ni wewe, mpaka wewe mwenyewe uulize." Kisha mwombe afungue maonyesho kwa kuisoma insha hiyo mbele ya wazazi. Sijawahi kumwona mkuu wa shule aliyekataa kipaza sauti, na akishaanza kusoma "walichukua" kwa sauti yake mwenyewe, hatakuwa na pa kurudi. Akikupeleka stoo baada ya hapo, nenda. Wanafunzi wenye maswali watakufuata hukohuko.

Ijumaa simama karibu na binti, usisimame karibu na wakubwa. Mzazi akiuliza picha ina maana gani, usimjibu wewe. Mwachie yeye, na akichelewa kuanza, ngoja, hata kama ukumbi mzima unakutazama wewe.