Drusilla Nyanchoka, Mjumbe Asiye wa Serikali

Mama Jethro, leo umetimia mwaka mmoja tangu Bwana alipokupumzisha, asubuhi ya Sabato, ukiwa umeshavaa viatu vya kanisani. Majani chai ya upande wa mto yanachumwa bila wewe. Kikombe chako bado nakitoa pamoja na changu, kisha nakirudisha.

Watu wa Kebirigo wanakukumbuka kwa mengi. Uliwajulia hali wagonjwa kabla hujakamua ng'ombe. Ulisali ukiwa umesimama, ukisema magoti yako na Mungu walishaelewana. Na mimi mumeo, mtu mwenye wajukuu, ulinisukuma hadi darasa la jioni kwa sababu ulihitaji mtu wa kukuandikia barua. "Omosa, umeshika jembe miaka yote hiyo," ulisema. "Kalamu ni nyepesi zaidi." Maneno haya nimeyaandika mwenyewe.

Lakini kuna jambo moja tunalotaka kulisema wazi, kwa sababu wapo wanaopenda lisahauliwe.

Marion, binti wa jirani yetu, alikwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Huko alinyang'anywa pasipoti na simu. Ajenti aliyempeleka akafunga ofisi. Wewe na kina mama wenzako wa kanisa mlikwenda Nairobi mara nne. Mara ya nne ofisa mmoja alivua miwani, akakuambia, "Mama, haya ni mambo ya serikali na serikali. Ninyi ni nani?"

Ukamjibu, "Sisi ndio tuliomzaa. Serikali ilimzaa lini?"

Mama Chandrakala, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ana kaka anayefanya biashara katika nchi ileile. Kaka huyo aliuliza huku na huku hadi akapata nambari ya mama mzazi wa mwajiri, bibi mzee aliyekulia Unguja, anayejua Kiswahili kutushinda sote.

Ulimtumia ujumbe wa sauti. Ulikuwa na hofu, Kiswahili kikakukimbia, ukaanza kwa kuchanganya na Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani: "Baba, shikamoo. Baba yangu, nisikilize."

Jibu likaja kali. "Baba'ngu kafa zamani. Nani wewe unayemwamkia maiti?"

Tulidhani tumeharibu kila kitu. Uliomba kwanza. Kisha ukamweleza polepole kwamba kwetu Gusii mama ndiye anayeitwa baba, na kwamba umemwita jina la mwanamke aliyekunyonyesha. Bibi alicheka hadi akakohoa. "Loo! Basi leo mie baba! Haya mwanangu, sema shida yako."

Mliongea majuma matatu: juu ya maumivu ya magoti, juu ya wana wasiosikia, juu ya Marion. Mwishowe alimwita mwanawe akamwamuru arudishe pasipoti. Marion alishuka kwenye ndege na begi lake na meno yake yote, kama ulivyoomba.

Baadaye ulialikwa kwenye mkutano Nairobi, ukavishwa beji iliyoandikwa "Mshiriki asiye wa serikali." Ulirudi nayo shingoni ukicheka. "Omosa, kumbe mimi si wa serikali! Na kura yangu je, huwa nampigia nani?" Uliivaa hata shambani. Jukwaani siku hiyo ofisa yuleyule alieleza jinsi ofisi yake ilivyomrudisha Marion. Hukusimama kubisha. Ulisema Mungu hahitaji mkutano ili ajue.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa ofisa huyo kwa ajili ya Bochaberi, binti kutoka Magwagwa, ambaye hajasikika kwa miezi mitano katika nchi hiyohiyo. Akaniambia, "Mzee, pole kwa msiba. Mama alijitahidi. Sasa hayo mambo yaacheni yafe naye."

Tunamjibu hapa, mbele ya kila asomaye: hayakufa naye. Hatuna bendera kwenye gari, na gari lenyewe hatuna. Tuna simu yako na tuna maombi. Tutabisha hodi mlango wa ofisi na mlango wa jikoni. Serikali ikimfikia Bochaberi kabla yetu, tutashukuru na kuimba. Isipomfikia, haitatukuta tumekaa.

Jumapili nilichukua simu yako nikamtumia bibi yule ujumbe wa sauti. Kiswahili sahihi sasa ninakijua, nimefundishwa. Lakini nilianza makusudi kama ulivyoanza wewe: "Baba, shikamoo."

Bibi alipiga papo hapo. "Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko wapi? Mbona kimya mwaka mzima?"

Nikamwambia. Akakuombea dua kwa desturi yake, nami nikaitikia amina. Nilipomweleza kwamba kuna binti mwingine, hakuniuliza sisi ni nani. Alisema, "Nitajie jina lake, herufi moja moja. Kalamu ninayo."

Mama Jethro, nilimtajia jina la Bochaberi lote, nisikosee hata herufi.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo Omosa. Wanao Jethro na Celestine pamoja na wajukuu. Kina mama wenzako wa kanisa. Mama Chandrakala wa Kisii. Na Marion, ambaye ndiye anayeivaa beji yako siku hizi. Bochaberi bado hajarudi.

Daima u pamoja nasi, na hatutanyamaza.