Mjukuu Wangu Anadhani Sijui Kusoma

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijaumbuka mbele za watu. Mjukuu wangu yuko chekechea, mama yake ni muuguzi na zamu zake hazieleweki, kwa hiyo mtoto anashinda kwangu, na mimi si bibi wa kukaa tu, nilikuwa karani mpiga chapa mpaka nilipostaafu, mabosi walitegemea Kiingereza changu, barua zao nilizinyoosha mimi wakatia sahihi wao. Basi shuleni wakaanza kuwafundisha sauti za herufi za Kiingereza na mtoto akawa mzito, nikimsahihisha anakimbilia nyuma ya pazia, hatoki mpaka aitwe kula. Nikabuni mchezo. Nachora herufi kwa chaki kwenye sakafu ya korido wakati maji ya chai yako jikoni, yeye anatamka sauti, mimi narukia herufi, na nakosea makusudi. Akiniambia nilete kitu kinachoanza na sauti ya p, namletea kijiko, naye anacheka mpaka anakaa chini, halafu ananishika kidevu na kuniambia, "Bibi, angalia mdomo wangu. Spoon inaanza na sss." Mshauri, pazia limesahaulika, mtoto sasa anaunganisha sauti na kusoma maneno mazima kwenye maboksi ya sabuni, na mimi nikimsikia kichwa kinavimba kwa fahari.

Sasa balaa. Amemwambia mwalimu wake kwamba nyumbani ana mwanafunzi mtu mzima asiyejua kusoma. Siku ya wazazi kila mtoto ataonyesha kitu anachojivunia, wenzake wanaleta michoro, wangu ananileta mimi. Mwalimu alinisimamisha getini akanisemesha polepole kama mgonjwa, akanipigapiga begani, akasema nisione haya, nitajua tu, na mimi niliyefundisha nusu ya ofisi mahali pa kuweka mkato nikabaki natabasamu. Na kwenye viti vya wazazi atakuwepo karani mwenzangu wa zamani, mjukuu wake yuko darasa hilohilo, tulishindana maisha yote nani chapa yake safi. Binti yangu anasema nimwambie mtoto ukweli, yaishe. Lakini nikisema nilikuwa naigiza, si atarudi nyuma ya pazia? Na nisiposema, heshima yangu yote inakwenda na maji. Nifanyeje?

Bibi Mwanafunzi

JIBU

Shikamoo mama. Nimecheka, nimekuonea huruma, na sasa nikugombeze kidogo kwa heshima zote.

Kwanza hongera. Wengi wanamkalisha mtoto mezani na kumkaripia mpaka anazichukia herufi. Wewe ulikubali kuonekana mjinga ili yeye ajione mwerevu, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye kiburi kama chako. Ndiyo, kiburi, tusifichane. Uliandika wewe wakatia sahihi wengine, na sasa unaona unanyang'anywa sifa tena. Lakini bosi gani aliwahi kukushika kidevu? Huyu ni damu yako, sifa ikienda kwake haijatoka nje ya nyumba.

Kosa lako ni kwamba umekosea mno. Mwalimu gani atajivunia mwanafunzi asiyesonga mbele? Unamharibia mjukuu wako kazi. Kuanzia leo, maji yakiwekwa jikoni, anza kupatia. Patia zile sauti ambazo ameshazishika vizuri, na ukipatia mshukuru. Zile anazobabaika nazo endelea kukosea, ili akusahihishe na yeye zimkae kichwani. Ukweli utamwambia mwenyewe akishaweza kusoma bila kushikwa mkono, asije akausikia kwa jirani. Wakati huo atacheka tu. Binti yako avumilie, na mwalimu wa chekechea mnong'oneze mapema, asije akakupigapiga bega tena.

Siku ya wazazi vaa vizuri, kaa kwenye kile kiti kidogo, na mtoto akikupa kitabu, soma. Soma kwa Kiingereza chako cha ofisini, usipunguze hata nukta. Karani mwenzako atajua mchezo wote, mwache ajue. Na wakikuuliza umejifunzia wapi kusoma hivyo, mnyooshee kidole mjukuu wako na useme, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Kisha nyamaza, wampigie makofi yeye.