Kwa Damaris Bosibori, Aliyejua Kuunganisha Herufi

Mwaka umetimia, Mama Mitchell, tangu ile Jumapili uliyoshika kifua ukasema ni uchovu tu, na kabla ya jua kuzama ukawa umeshatuacha. Watu wakiandika kumbukumbu huwa wanamwambia marehemu kwamba pengo lake halizibiki. Lako sisi tulijaribu kuliziba, tukaharibu kabisa, na ndiyo maana tunakuandikia tukiwa tumeinamisha vichwa.

Mimi Nyangau, mume wako, ndiye ninayeshika kalamu. Mama yangu Margret amekaa hapa kando, na dada yangu Drusilla anasoma kila mstari nikiumaliza. Kwenye rasimu alitaka nifute mmoja, nikakataa. Tunaandika kwa Kiswahili, si kwa Ekegusii tunachozungumza hapa nyumbani, kwa sababu kuna mtu mmoja wa Oyugis tunayetaka asome mwenyewe bila kutafsiriwa na mtu.

Wewe ulikuwa fundi wa karatasi. Katika kile chumba chako kando ya barabara hapa Keumbu ulitengeneza kadi za harusi, maboksi ya zawadi, maua ya kupamba ukuta na majina ya kuchomeka juu ya keki. Ulianza na mkasi, ukiwakatia watoto wa shule ya Sabato nyota na njiwa, hadi kidole gumba kikaota sugu. Halafu ile mashine ikaja kutoka Nairobi. Unachora kwenye kompyuta, unalaza karatasi kwenye mkeka wenye gundi, mashine inauvuta mkeka ndani, na kisu chake kidogo kinafuata mistari uliyoichora. Siku ya kwanza ulipoiwasha nilisimama mlangoni nikasema, "Sasa wewe kazi yako itakuwa gani?" Ukacheka. Nilidhani umecheka kwa sababu nimesema jambo la maana.

Mkeka mpya ulikuwa unang'ata karatasi, kwa hiyo uliubandika kwanza kwenye sketi yako mara mbili tatu kupunguza gundi. Kabla ya kukata kazi ya mtu ulikata kipembetatu pembeni, uone kama kisu kimekaa sawa. Vile vipembetatu tulivikuta kwenye nywele za binti yetu Mitchell, kwenye Biblia, na siku moja kwenye ugali wangu. Nikanung'unika. Ukaniambia, "Kula tu, Baba Mitchell, hiyo haina mfupa."

Kutoa vile vipande visivyotakiwa kwa sindano, kimoja kimoja, wewe ulikuita kupalilia. Mama alikusikia kwenye simu ukisema unapalilia, akafurahi akidhani hatimaye umeshika jembe. Akashuka hadi Keumbu na kukukuta umekaa kwenye kiti, miwani puani, unachokoa kadi. "Hii ndio kupalilia?" akauliza. "Basi mimi nilizaliwa mapema." Hadi leo akienda shambani na jembe anaisema hiyo, halafu anainama kupalilia.

Mtu akikuletea jina la mtoto wake, ulimwuliza kwanza linavyoandikwa, hata kama ni jina linalojulikana kila mahali. Ulisema jina la mtu halikisiwi. Ijumaa ulifunga mapema, Sabato isije ikakukuta na karatasi mkononi, na mteja aliyechelewa ulimpa kiti nje na maneno mazuri, lakini mlango hukuufungua. Waliofiwa ulikuwa unawakatia maua meupe, na hukuwahi kusema habari hiyo nyumbani. Tulikuja kuambiwa na wenyewe walipokuja kutupa pole.

Sasa tufike kwa Gentrix.

Alikuja dukani kwako kutafutia mpwa wake boksi la siku ya kuzaliwa. Akakaa kuangalia mashine ikikata, akauliza maswali, akarudi kesho yake, na ikawa ndiyo hivyo, akafanya kazi nawe miaka yote iliyobaki. Yeye ni Mjaluo wa Oyugis, hajui Ekegusii, na wewe Kijaluo hukukijua. Duka lenu likawa la Kiswahili. Mlikichapa hicho Kiswahili chenu na kucheka nacho, na mimi nikiingia mlikuwa mmeinama wote wawili kwenye kompyuta mkibishana kuhusu jani moja la ua, eti limenenepa. Nilikuwa na wivu. Mwanamume mzima, mwenye ng'ombe na majani chai, ninamwonea wivu msichana na mashine. Huu ndio mstari ambao Drusilla alitaka niufute.

Siku tuliyokuzika, maua yote meupe juu ya jeneza yalikuwa ya Gentrix. Alikesha kuyakata. Hakuna aliyemwomba. Halafu mpiga picha akaita familia, na Gentrix akaja akasimama karibu na Mitchell, amemshika mkono. Drusilla akamwambia, "Wewe Gentrix, toka hapo kidogo, hii ni ya familia." Akatugeukia sisi akaongeza kwa Ekegusii kwamba huyu ni omogeni. Neno hilo Gentrix alilielewa, halina tofauti kubwa na mgeni. Akasema, "Sawa, hakuna shida," akaenda kusimama kwenye hema la watu wengine. Mitchell akabaki mkono ukiwa hewani. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale, na nilijifanya ninanyoosha tai.

Hatukuishia hapo. Wiki iliyofuata mimi na Drusilla tuliteremka dukani kuchukua mashine na kompyuta. Tulisema mali ya familia irudi nyumbani. Gentrix alitupa funguo. Akatusaidia hata kufunga mashine kwenye boksi, maana tulikuwa tunaibeba kichwa chini. Halafu akasema, "Baba Mitchell, si niwaonyeshe angalau kuunganisha herufi? Hiyo ndio huwa inasumbua."

Nikamjibu, "Mashine si ndio inakata? Sisi ni kubonyeza tu. Tutajua."

Linda wa Nyansiongo ulikuwa umemwahidi mapambo ya harusi yake. Familia yao ikatuuliza kwa upole kama ahadi imekufa nawe, maana wangetafuta mtu mwingine bila kinyongo. Drusilla akasema mashine ipo. Mimi nikasema tutafanya, kwa heshima yako. Nilisema hivyo, Damaris, "kwa heshima yake", na kifua nikakitoa mbele.

Drusilla akaandika majina ya bibi na bwana harusi kwa ule mwandiko wa kulaliana ulioupenda, herufi kubwa kama sahani. Kwenye kompyuta yalipendeza. Herufi zililaliana vizuri, jicho likaona neno moja. Mashine haikuona neno. Kwa jina la Linda iliona herufi tano zinazokanyagana, ikakata kila moja peke yake, na kila mahali zilipogusana ikapitisha kisu katikati. Tulipobandua karatasi, jina la Linda lilitoka vipande vipande, kila kipande na pengo lake. Tukakata tena, yakawa yale yale. Tukabadilisha karatasi tukiilaumu. Tukakilaumu kisu. Mitchell alisimama mlangoni akasema, "Si mpigie tu Auntie Gentrix?" Nikamwambia aende akasome.

Mwisho tukayashika majina kwa gundi ya maji na selotepu kwa nyuma, tukayapeleka Nyansiongo, tukayabandika kwenye pazia nyuma ya viti vya maharusi. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamnong'oneza mshereheshaji kwamba asisahau kutaja kazi ni ya nani.

Akataja. Jua lilikuwa limeshapiga lile hema vya kutosha. Akasema, "Mapambo haya ni kazi ya marehemu Damaris wetu wa Keumbu, tumpigie makofi!" Watu wakapiga, na katikati ya makofi yako ile L ikaachia. Ikateleza kwenye pazia ikaangukia bega la Geoffrey, bwana harusi. Nyuma yao kukabaki kumeandikwa "inda na Geoffrey".

Wengi walicheka kwa sababu tu kitu kimeanguka. Lakini mwalimu aliyemfundisha Linda Kiswahili alikuwepo, naye akawaeleza wa meza yake inda ni nini. Ni roho mbaya. Ni ule ubaya wa kumwonea mwenzako. Neno likatembea meza kwa meza hadi likamfikia mama yake Linda, na nilimwona usoni lilipomfika. Alikuja mpaka nilipokaa, akainama, akasema polepole, "Baba Mitchell, hii ndio heshima mmeniletea?" Nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe huyo Damaris walikuwa wanamsifu bure."

Hapo ndipo ningesimama. Kipaza sauti kilikuwa karibu, mshereheshaji angenipa. Ningesema ni sisi, marehemu hajui lolote. Nilikaa, nikala wali wote, nikaondoka na jina lako likiwa limelala pale chini.

Basi wacha niseme hapa ambapo kila mtu anasoma. Linda na Geoffrey, mama yake Linda, nanyi nyote mliokuwa Nyansiongo siku ile, ile haikuwa kazi ya Damaris. Ilikuwa yangu mimi na dada yangu. Damaris hakuwahi kumpa mtu kitu kinachoachia, na inda mliyoisoma ilikuwa ya kwetu, ikaja kuandikwa kwenye harusi ya mtoto wa watu.

Mama ndiye aliyetutoa ndani. Tulikuwa tumekaa jioni tukilaumu hali ya hewa, akasema, "Beba hiyo mashine. Twende kwa yule msichana." Drusilla akasema tungoje kwanza. Mama akamjibu, "Wewe ndiye wa kwanza kupanda gari."

Gentrix tulimkuta Oyugis kwenye duka la kupiga chapa na fotokopi, la mtu mwingine. Alituletea viti. Akamtumia Mitchell salamu kabla hata hatujasema tumefuata nini. Drusilla alilia, na mimi niliongea vibaya, nikazunguka sana, hadi Mama akanikatiza akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Sisi tulikukosea. Tulikufukuza kwa mtu wako. Tumekuja."

Gentrix alifungua kompyuta tuliyokuja nayo, akatafuta majina ya Linda na Geoffrey, akayachagua, akabonyeza mahali pamoja, na ile mistari iliyokatiza katikati ya herufi ikapotea yote. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. "Ni hii nilikuwa nataka niwaonyeshe," akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kuangalia.

Majina akayakata upya, akayapeleka Nyansiongo mwenyewe, na tunasikia yako sebuleni kwa Linda. Tulipomshukuru alisema, "Hiyo nimefanya kwa sababu Mama Mitchell alikuwa ameahidi." Mashine tulimwachia, pamoja na kompyuta na funguo za duka. Ameipokea. Jumapili anakuja Keumbu anamfundisha Mitchell, wanafunga mlango, wanacheka huko ndani. Mimi nikipita napita upande wa pili wa barabara.

Wiki iliyopita nilimwomba mambo mawili. Kwamba leo, tukikusanyika kaburini, asimame nasi kwenye picha ya familia. Na kwamba niandike jina lake hapa chini kati ya wanaokukumbuka, la kwanza kabisa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia, "Baba Mitchell, siwezi kuambiwa niingie vile niliambiwa nitoke. Mimi namkumbuka. Lakini jina langu niachie."

Nikasema sawa, hakuna shida. Maneno yale yale aliyotuambia siku ile. Niliyasikia yakitoka mdomoni mwangu, nikaona aibu upya.

Unakumbukwa na mimi mume wako Nyangau, binti yako Mitchell, mama mkwe wako Margret, na wifi yako Drusilla, ambaye amesoma mpaka hapa na hajafuta kitu.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Damaris. Na yupo anayekukumbuka kutushinda, ambaye jina lake hatuna ruhusa ya kuliweka karibu na yetu.