Maneno ya Dada Klara

Kijiji cha Yimbran,
Angoram,
14 Agosti, 2011.

Mpendwa mdogo wangu Ansgar,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni. Kile kifua chako kimepona, au vumbi la huko mjini Lae bado linakusumbua? Na Doroti na watoto hawajambo? Sisi wazima, isipokuwa mama. Magoti yamemgomea, na chakula siku hizi anakionja tu.

Maji yalipanda hadi kwenye ngazi za nyumba, lakini unga wa sago hatukukosa, na samaki walijileta wenyewe.

Pasaka tulimzika mzee Paulus. Sasa wanaoijua lugha yetu sawasawa wamebaki wawili, mama na shemeji Teofil, mume wa marehemu dada yetu Klara. Mimi na wewe tumekulia Kipisini hiki cha wote, tukaambulia maneno ya kufukuzia mbwa tu. Majirani wa ng'ambo hawashiki hata neno, maana lugha hii haina ndugu popote. Hata "nipe" na "mpe" ni maneno mawili yasiyofanana kabisa. Mimi hadi leo nayachanganya, na mama hunicheka, "Haya, jipe mwenyewe basi!"

Shida ni mwiko wa ukwe. Mama hawezi kumtazama Teofil wala kulitaja jina lake, naye vivyo hivyo. Mmoja hukaa upande huu wa ukuta, mwingine ule, wakizungumza na mbwa ili mwenziwe asikie. Juzi tawi kavu la mshelisheli lilianza kukatika juu ya kichwa cha Teofil. Mama akapiga kelele, "We mbwa, toka hapo! Unataka kufa, mjinga wewe?" Teofil akaruka, tawi likaanguka pale pale. Mbwa wa watu, aliyekuwa amejilalia jikoni, alitimua mbio na hakuonekana hadi jioni.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaona mama analia.

Nilipomuuliza, alisema, "Klara alifia mtumbwini akiongea lugha yangu. Aliyemsikia ni huyo peke yake. Nitakufa sijui mwanangu alisema nini."

Nikamwendea Teofil. "Shemeji, si umwambie mbwa, mama asikie?"

"Maneno ya marehemu? Kwa mbwa? Una wazimu wewe."

"Basi niambie mimi kwa Kipisini, nimfikishie."

"Hapana, shemeji. Yanasemwa yalivyosemwa, uso kwa uso."

Unajua desturi, Ansgar. Ndugu wa kiume wa marehemu ndiye anayemshika mkono mume aliyefiwa, akamkalisha mbele ya mama mkwe, wakala sago bakuli moja. Hapo mwiko umekwisha. Na ndugu wa kiume tunaye mmoja tu, nawe hukuja hata kuzika.

Najua unamlaumu Teofil kwamba alichelewa kumfikisha Klara hospitali. Nilinyamaza miaka mitatu, sasa nasema. Mto ulikuwa umezibwa na magugu. Alikata njia kwa panga siku mbili, peke yake, mgonjwa kalala nyuma yake. Viganja vyake nilivifunga mimi, nyama ilikuwa nje. Hasira yako naielewa, mdogo wangu, hata mimi nilikuwa nayo, lakini umeibebesha mtu asiyestahili.

Nguruwe wa karamu hiyo ninaye, amenona. Chombo hupanda kutoka Angoram kila Alhamisi. Mama hana siku nyingi, sikufichi.

Jana tulipokuwa tunatega samaki, mbali na nyumbani, nilimsihi Teofil aniambie japo kidogo. Akageukia mto, akayasema yote taratibu, kwa lugha yetu. Sikuelewa kitu. Nilishika neno moja tu, nalo alilirudia mara tatu. Ni jina lako.

Msalimie Doroti, na umbusu Benedikta mdogo kwa niaba ya bibi yake. Shangazi Rufina anakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Mimi dada yako nikupendaye,
Sabina