Karoti za Kopo na za Friza

Lucien mume wangu,

Nimewahi zamu. Supu iko jikoni, ipashe kwa moto mdogo. Dawa ya presha umeze baada ya kula. Karoti tia za kwenye friza, za kopo usiguse!

Najua umenuna. Asubuhi umenifokea mbele ya binti yetu Odette: “Miaka arobaini nala za kopo, mbona sijafa?” Hujafa, mzee, lakini mwezi uliopita ulibebwa na ambulensi.

Ulipoingia kuoga, mimi na Odette tulisoma maandishi ya kopo na ya pakiti. Vitamini A ziko karibu sawa, hapo umeshinda. Vitamini C za friza zimezidi kidogo. Ila chumvi! Kopo moja lina karibu nusu ya chumvi uliyoruhusiwa na daktari kwa siku nzima. Pakiti ya friza haikutiwa hata chembe. Bisha sasa.

~~Makopo yote nimeyatupa.~~ Nimeyatoa hadi mlangoni, nikayarudisha. Nimekumbuka ule msimu wa baridi wa utotoni mwako, baba yako alipokosa kazi, mkaponea makopo ya jirani. Kumbe ndiyo maana hulali vizuri kabati likiwa tupu, nami nilidhani ni ubishi tu. Basi yakae. Hamu ikikuzidi, mwaga maji yake, suuza karoti mara mbili, ule nusu kopo.

Nimeshakuzoea. Sina nguvu ya kuanza kugombana na mwanamume mwingine.

Mkeo