Kibao cha Ismaël

POLISI YA TERRITOIRE, KASONGO
Alhamisi, tarehe 18 oktoba 1956, saa nane mchana
Shahidi: Faradji Saidi
Miaka: 63 hivi, alizaliwa mwaka wa vita ya Waarabu na Wazungu
Kazi: kengele na kuni, shule ya bweni
Makao: Kasongo, nyuma ya soko
Mwenye kuandika: Brigadier Raphaël

Mimi Faradji Saidi nilisoma mpaka kalasi ya sita. Andika hivyo, Brigadier, kalasi ya sita.

Basi, usiniangalie hivyo. Nilifagia kalasi ya sita miaka kumi na minane. Kusoma, nilisoma mwaka mumoja tu, kalasi ya kwanza, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Usifute. Acha waone kwamba huyu muzee alianza na uongo akauacha, na yanayofuata ni ya kweli, kwa sababu iko mutoto ndani yake.

Shule yetu ina watoto wa kila upande: wa Kibombo, wa Kabambare, wa Kivu, hata watatu wa kutoka Urundi. Kila mumoja ana luga ya mama yake, na shule inataka Kifaransa tu. Ndiyo sababu kuna Kibao. Ni kipande cha muti, ukubwa wa kiganja, na kamba ya shingo. Mutoto akisikiwa anasema luga ya kwao, anavalishwa. Ili akivue, lazima amukamate mwenzake kwa kosa lilelile, amutaje jina, amuvalishe. Kengele ya jioni ikilia, mwenye Kibao shingoni hapati chakula. Aliyesimama kwenye mulango wa chumba cha kulia na kumurudisha ni mimi. Andika hilo pia. Nimerudisha wengi, na utani juu yake: “Wewe leo utakula Kifaransa.”

Mutoto ninayemusema ni Ismaël, miaka kumi na moja, wa kijiji karibu na Lusangi. Mnamo tarehe 24 septemba aliumwa na siafu, akamuita mama yake kwa Kibangubangu. Akavalishwa. Wengine wanakaa na Kibao siku moja, siku mbili. Yeye alikaa nacho wiki tatu.

Tarehe 2 oktoba ndipo nilijua sababu. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, nikamutolea ulimi. Watoto wote hucheka ulimi wangu. Yeye alisema, “Jambo, papa.” Nikainua vidole vitatu. Akasema, “Ndiyo papa, ninakuja,” akidhani ninamuita. Mutoto haoni mbali, Brigadier. Anasikia mwenzake anasema Kilega, lakini kwake lile ni kundi la mashati meupe. Akikisia jina wanamucheka, na mwalimu Gaston anamwambia, “Hukuona, huna ushahidi.” Na kwenye ubao ni hivyohivyo. Wamemukalisha nyuma kwa sababu ni murefu. Anaandika anachosikia, na hesabu haisikiki. Kwenye daftari lake mwalimu ameandika: muvivu.

Tarehe 3 nilikwenda kwa Direktere, mukubwa wa shule, kuomba mutoto akalishwe mbele. Direktere alicheka. Simulaumu sana. Mwaka jana nilimwambia kwamba mbuzi wake amejifunza Salamu Maria, akatoka nje kusikiliza. Akaniuliza, “Faradji, leo umekuwa munganga wa macho?” Na mimi nikacheka pamoja naye. Ilifaa nisimame pale mpaka anifukuze. Lakini nilicheka, nikarudi kwenye kuni.

Kilichobaki kilikuwa kumuwekea viazi nyuma ya kuni. Alama yangu ni ile ya zamani. Kengele yetu ni jante ya kamio, chuma cha gurudumu la lori, kimetundikwa. Nikimaliza mapigo ya jioni, ninaongeza pigo moja dogo, maana yake: njoo, iko kitu. Pigo hilo unalijua, Brigadier. Nitarudi hapo.

Jumatatu tarehe 15, saa kumi na moja jioni, watoto walikuwa wanaoga kwenye kijito. Kibao kilikuwa kwenye jiwe, juu ya nguo za Ismaël. Nilikichukua, nikakitia chini ya sufuria ya bugali. Kiliwaka vizuri. Nilifikiri: Kibao hakuna, njaa hakuna. Nilifurahi mpaka nikakataa kumwambia mutu, kama mutu anayeficha sukari mudomoni.

Jioni ile mutoto alikula. Kisha mwalimu Gaston akamuuliza, “Kibao iko wapi?” Akajibu kimepotea. Mwalimu akamwambia, “Kesho jioni ukilete. Usipokileta, fimbo kumi na mbili, na unarudi kwenu.” Nilisikia yote. Nikasema moyoni, nitasema kesho, acha kwanza nione Gaston akipiga magoti akikitafuta chini ya vitanda. Kosa langu ndilo hilo. Mengine yote ni mabaki yake.

Jumanne tarehe 16, saa nane, Ismaël alinifuata kwenye kuni.

“Papa Faradji, kijito hiki kinakwenda wapi?”

“Unataka kuoga tena?”

“Kibao ni muti, papa. Kilianguka kwenye maji, kimeelea. Kitakuwa kimekwama mahali.”

Nilikuwa na neno moja la kusema: nimekichoma. Nikamwambia, “Kinakwenda mpaka Nyangwe, kwa muto Lualaba. Kule samaki wanasoma Kifaransa, waulize wao.”

Akasema, “Aksanti, papa.” Akaondoka, mukono mbele, kama mutu anayepapasa ukuta. Nilidhani atafika kwenye daraja la miti na kurudi.

Kengele ya jioni niliipiga, nikaongeza pigo dogo. Nikaongeza tena. Hakuja mutu.

Jumatano walisema amekimbia kwa baba yake, na ninyi mukatuma askari wawili na baiskeli kwenye njia ya Kabambare. Brigadier, baiskeli zinakwenda upande ambao mutoto hayuko. Mimi niliteremka na kijito tangu asubuhi. Mbele ya daraja, pale matete yanapoanza, kuna jiwe pana. Juu ya jiwe nilikuta vipande vya muti vimepangwa, kumi na viwili, kila kimoja kama kiganja. Alikuwa anaviokota majini, anavipapasa, anaona si chenyewe, anaviweka. Kutoka pale mvua imefuta nyayo, na maji yamepanda. Niliita mpaka sauti ikakatika. Sauti ya muzee haipiti matete.

Leo saa sita nilikuja hapa kwa miguu yangu. Mumeniambia nikae kwenye benchi, nisitoke, mpaka Bwana Administrateur arudi kutoka safari. Anarudi jumamosi. Mutoto ana siku mbili bila chakula, na haoni ng’ambo ya maji. Anayepiga kengele sasa hajui pigo dogo, na kwa Ismaël kengele ya bure ni kengele ya fimbo. Akiisikia atajificha zaidi.

Maneno yangu yameishia hapo, Brigadier, na kidole hiki ndicho saini ya kalasi ya sita. Lakini mwaka wa 1943 kulikuwa mutoto mwembamba, jina lake Raphaël, Kibao shingoni siku nne. Alikula viazi viwili na mukia wa samaki nyuma ya kuni zangu, akasema, “Papa, siku moja nitakurudishia.” Sijakudai mpaka leo. Andikia Direktere kikaratasi atoe jante, uniache nitoke nayo mpaka kwenye jiwe lile kabla ya saa kumi na mbili. Nipige mapigo ya jioni, na lile dogo. Kisha nitarudi kwenye benchi lako, mwanangu, nikae mpaka munichoke.

(Alama ya kidole gumba: Faradji Saidi)

Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi kwa Kiswahili, ameyakubali. Nimefunga maandiko saa kumi kasoro robo. Jante ni nzito kwa mutu mumoja, nimekwenda naye.
Raphaël, Brigadier