Neno Nililoliruka

Mji wa Kasongo, siku ya Jumanne

Niliruka neno moja tu nilipokuwa nikimsomea baba, fundi wa magari. Kitabu cha injini ni cha Kifaransa, na niliona haya kumwambia kwamba mimi, msomi wake, sikulielewa neno hilo. Kwa hiyo, alipohamisha injini na ekseli za lori bovu kwenye jipu, gari kuukuu la Mzungu anayemwajiri, ekseli ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, aliifunga juu chini.

Leo alitia gea ya mbele, jipu ikarudi nyuma. Mzungu alimlazimisha kuizungusha hivyo, kinyumenyume, soko zima.

“Fundi, unakuja ao unaenda?” watu walipiga kelele. Nilicheka pamoja nao.

Jioni baba aliniambia mimi bintiye, “Mama, ulisoma muzuri. Ni mimi nilisikia mubaya.”

Kesho ataifungua tena. Ameomba nimsomee ukurasa uleule, nami nimekubali. Neno lile bado silijui.